Ikiwa kila kitu ni namba, kwa nini sinthesaiza za moduli zinatenganisha ishara za udhibiti na ishara za sauti?

#1 Kizingiti (mtoa mada)
Wadau, salaam. Naleta hoja ambayo nimeiona ikiguswa juu juu mara nyingi bila kufikishwa popote. Nazungumzia programu zinazoiga sinthesaiza za moduli, yaani ala za kielektroniki zinazoundwa kwa kuunganisha vipande vidogo (moduli) kwa nyaya: ishara ya sauti ndiyo inayosikika, na ya udhibiti ndiyo inayoongoza moduli nyingine. Ndani ya kompyuta hakuna umeme unaopita kwenye nyaya tunazochora kwenye skrini; kuna namba tu zinazotoka moduli moja kwenda nyingine. Namba inayofungua kichujio (moduli inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti) na namba inayoelekea kwenye spika zimehifadhiwa kwa namna ileile. Hata hivyo, baadhi ya programu zinatupa nyaya za aina mbili, zinakataa waya wa sauti usichomekwe kwenye tundu la udhibiti, na zinadai tuweke kigeuzi katikati. Nyingine, kama VCV Rack, zinaruhusu chochote kichomekwe popote. Dai langu ni kwamba mgawanyo huu ni mabaki ya zamani, na anayeutetea leo anatetea mazoea.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki: kwenye mfumo wenye mgawanyo niliipeleka oskileta (moduli inayotoa wimbi linalojirudia) ya Hz 700 ikatikise kikomo cha kichujio, yaani masafa kinapoanzia kukata, nikitarajia mlio mkali wa chuma. Nilichopata ni mngurumo mzito wa chini usiohusiana kabisa na nota niliyopiga. Kwenye mfumo usio na mgawanyo, muunganiko uleule ulitoa mlio wa chuma papo hapo.

#2 Sampuli64
Mngurumo wako unahesabika, mkuu. Kama mfumo huo unaendeshwa kwa sampuli (vipimo vya wimbi) 48,000 kwa sekunde na unakokotoa udhibiti mara moja kwa kila fungu la sampuli 64, kama programu ya SuperCollider inavyofanya kwa mpangilio wake wa kawaida, basi ishara ya udhibiti inapata thamani mpya mara 750 tu kwa sekunde. Kwa kanuni ya Nyquist, njia ya namna hiyo haiwezi kubeba kitu kinachozidi nusu ya kasi yake, yaani Hz 375. Ukiisukumia Hz 700, hainyamazi wala haitoi onyo. Inakukunjia wimbi lako na kukurudishia tofauti ya 750 na 700, ambayo ni Hz 50. Kichujio chako kilikuwa kinatikiswa mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo uliousikia.

#3 Kizingiti
Shukrani. Lakini hesabu yako inanipa nguvu zaidi: mgawanyo ulinidanganya bila kuniambia.

#4 MziguaWaMawimbi
Ndugu Kizingiti, usiuhukumu uamuzi wa kihandisi bila kutazama gharama iliyouzaa. Kukokotoa thamani moja badala ya 64 ni kuokoa karibu kazi yote ya sehemu hiyo. Chukua kichujio peke yake: kila kikomo kinapobadilika, programu inapaswa kukokotoa upya vizidishi vya ndani, na mara nyingi humo mna hesabu ya tanjenti, ambayo ni ghali kuliko kujumlisha na kuzidisha. Ukifanya hivyo mara 48,000 kwa sekunde kwa sauti moja, haidhuru. Ukifanya kwa sauti 16 zenye vichujio viwili kila moja, prosesa inaanza kulalamika na sauti inakatika.

Historia nayo iko wazi. Mwaka 1970 pale Bell Labs, maabara ya utafiti Marekani, Max Mathews na Richard Moore walijenga mfumo wa GROOVE, ambao kompyuta yake haikutengeneza sauti hata kidogo. Ilituma volti za udhibiti tu kwenye vifaa vya analojia, kwa sababu mwendo wa mkono na wa nota ni wa polepole na kompyuta ya wakati ule iliumudu papo kwa papo, ilhali wimbi la sauti halikumudika. Baadaye Barry Vercoe wa MIT akauingiza mgawanyo huohuo ndani ya lugha yake ya MUSIC 11, na kutoka huko ukarithiwa na Csound, lugha nyingine ya kutengenezea sauti, ambayo inazo tabaka tatu: linalokokotolewa mara moja nota inapoanza, linalokokotolewa kwa kila fungu, na linalokokotolewa kwa kila sampuli. Hayo hayakuwa mazoea. Ulikuwa ubahili wa lazima.

#5 Kizingiti
"Ubahili wa lazima" wa 1970, mkuu. Leo kompyuta ya mezani inaendesha moduli nyingi za VCV Rack, kila waya ukihesabiwa kwa kila sampuli, na watu wanapiga muziki.

#6 MziguaWaMawimbi
Wanapiga muziki huku feni ya kompyuta ikiwa ala ya ziada.

#7 Nota_Tuli
Naongeza upande wa mitambo halisi, kwa sababu programu hizi zinaiga hiyo. Kwenye sinthesaiza za moduli za umeme hapajawahi kuwa na mgawanyo wowote. Volti ni volti. Waya mmoja unatoa wimbi kwenye oskileta na waya uleule unaongoza kikuzaji. Kwa hiyo programu zinazotenganisha zimebuni tatizo ambalo analojia haikulijua.

#8 Mkondo
Hapana, ndugu Nota_Tuli, hilo linahitaji kurekebishwa. Don Buchla, aliyekuwa akijenga mifumo yake California miaka ya 1960, aliutenganisha ulimwengu huo waziwazi: sauti ilipita kwenye nyaya ndogo zenye kinga, na udhibiti ukapita kwenye plagi za ndizi ambazo zinaweza kupandana moja juu ya nyingine. Hukuweza kuchanganya hata ukitaka, kwa kuwa plagi hazilingani. Aliyeacha sauti na udhibiti vitumie waya wa aina moja ni Robert Moog, na mifumo ya Eurorack ya Dieter Doepfer, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, ikafuata njia hiyo kwa plagi za milimita 3.5. Wengi wetu tumeifahamu analojia kupitia Eurorack, ndiyo maana tunadhani wote walikuwa hivyo.

#9 Fundi_Kapasita
Na hata Moog hakuwa msafi kiasi hicho. Kichocheo cha kuanzisha nota kwenye mitambo yake ya moduli kilikuwa na plagi yake ya pini mbili bapa, na hakikuwa volti inayopanda. Kilifanya kazi kwa kuuunganisha mzunguko na ardhi. Kwa hiyo hata yeye alikuwa na aina mbili za waya, ila alichora mpaka wake mahali pengine: si kati ya sauti na udhibiti, bali kati ya vinavyobadilika mfululizo na vinavyowasha au kuzima.

#10 Nota_Tuli
Haya, sasa tuna mipaka mitatu na uzi bado uko ukurasa wa kwanza. Endeleeni, nasoma.

#11 VoltiKwaOktavu
Mimi naona mnashughulika na kasi wakati jambo lenyewe ni maana. VCV Rack haina mgawanyo wa kasi, kweli, lakini ina miiko ya volti iliyoandikwa. Sauti inategemewa izunguke kati ya volti hasi 5 na chanya 5. Geti, ishara ya kuwasha na kuzima nota, ni volti 10 inapokuwa juu na 0 inapokuwa chini. Triga, mpigo mfupi wa kuanzisha tukio, ni volti 10 kwa milisekunde 1. Kimo cha nota kinapimwa kwa volti 1 kwa oktavu, na volti 0 ikiwa ni C4, yenye Hz 261.63 hivi. Kwa hiyo volti 0.75 kwenye tundu la kimo ni A4, yaani Hz 440, kwa kuwa ni nusutoni 9 kati ya 12 za oktavu.

Sasa chukua namba hiyohiyo, 0.75, uitazame kila inapofika. Kwenye kikuzaji ni kufungua kidogo. Kwenye tundu la geti huenda ikawa si kitu, kwa sababu moduli nyingi zinasubiri volti 1 au 2 ndipo zikubali kwamba geti imefunguka, na hazikubali kwamba imefungwa mpaka volti ishuke karibu na 0.1. Kwenye spika haitasikika kabisa kama imesimama tuli. Waya haujui kilichomo, na programu haijui. Anayejua ni aliyechomeka. Mgawanyo wa sauti na udhibiti ni namna moja tu, tena dhaifu, ya kuandika kwenye waya kile ambacho mtu alikusudia. The Grid, mfumo wa moduli ndani ya programu ya Bitwig, imechukua njia ya kati: matundu yana rangi tofauti kwa kimo, kwa awamu (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake), kwa mantiki na kwa ishara za kawaida, lakini rangi ni maelezo tu na chochote kinaingia popote.

#12 Pembetatu
Nakubaliana na #11 na ninao ushahidi wa maumivu. Nilikuwa na mstari wa besi uliotoka kwenye sikwensa (moduli inayocheza nota hatua kwa hatua). Kila nota ilianza mahali pake, kisha ikateleza kwa haraka kurudi C4, hata ningepiga nini. Nilishuku sikwensa, nikashuku oskileta, nikabadilisha zote mbili na mtelezo ukabaki. Mwisho nikafuata waya wa kimo hatua kwa hatua nikiwa nimeweka moduli ya kuonyesha wimbi kila baada ya tundu. Kabla ya kichanganyishi mstari ulikuwa wa ngazi, bapa na safi. Baada yake kila ngazi ilikuwa na ncha kali ya mbele kisha ikaporomoka kuelekea sifuri. Kichanganyishi hicho kilitengenezwa kwa ajili ya sauti, na kwa hiyo kilikuwa na kichujio cha kuondoa volti ya mkondo mnyoofu, yaani isiyobadilika, ambacho hakikutajwa popote usoni pake. Kwa sauti kichujio hicho ni fadhila. Kwa kimo cha nota ni wizi, maana kimo chenyewe ni volti iliyosimama.

#13 Fundi_Kapasita
Ndugu Pembetatu ametoa mfano mzuri kuliko yote humu. Kichujio cha namna hiyo kikikata kwenye Hz 1, volti iliyosimama inapoteza karibu theluthi mbili yake ndani ya milisekunde 160. Kikikata kwenye Hz 10, inachukua milisekunde 16 tu, na sikio linasikia kama mlio wa kuchomoka badala ya mtelezo. Kwa hiyo kwangu mimi mpaka halisi ni huu: je, sifuri ina maana? Kwenye sauti, mahali wimbi linapozungukia hapana umuhimu. Ukilinyanyua wimbi zima kwa volti 2, sikio halitambui tofauti mpaka kifaa kifike kikomo chake. Kwenye udhibiti, kunyanyua huko ndiko ujumbe wenyewe.

#14 Mgeni_Humu
Samahani wakuu, hili la mkondo mnyoofu ndilo linalofanya nikitoa udhibiti kupitia kadi ya sauti kwenda kwenye sinthesaiza ya nje, kimo kisifike?

#15 Fundi_Kapasita
Ndilo. Kadi nyingi zina kapasita kwenye matundu ya kutolea ambazo huzuia volti iliyosimama. Tafuta ile ambayo mtengenezaji anasema matundu yake yanapitisha mkondo mnyoofu. Geti fupi inaweza kupenya hata kwenye kadi ya kawaida kwa sababu ukingo wake ni wa haraka, na ndiyo maana watu wengi hudhani kadi yao inafaa mpaka wajaribu kimo.

#16 Oskileta_Mzee
Wote mmesahau sikio. Tofauti ya udhibiti na sauti haiko kwenye kompyuta wala kwenye plagi. Iko kwa msikilizaji. Chukua oskileta ya polepole itikise kimo cha nota mara 6 kwa sekunde: unasikia vibrato, nota moja inayotetemeka. Ipandishe taratibu. Ikipita Hz 20 hivi, mtetemo unapotea na mahali pake panakuja rangi mpya ya sauti, kwa sababu masafa ya pembeni yamejitokeza juu na chini ya nota, kila moja ikiwa mbali na jirani yake kwa kiasi cha masafa ya oskileta inayotikisa. John Chowning aliligundua jambo hilo mwaka 1967 akiwa Stanford, akicheza na vibrato zilizopitiliza, akaliandika mwaka 1973, na likafika madukani kwa wingi kupitia sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ni moduli ileile na waya uleule, na udhibiti umegeuka sauti bila mtu kuchomoa chochote. Ukikata njia hiyo kwenye Hz 375, umekata katikati ya eneo tamu kuliko yote.

#17 Mkondo
Oskileta_Mzee amezungumza vyema, ila DX7 hasa hubadilisha awamu, si masafa, na tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye hoja ya Fundi_Kapasita. Ukibadilisha masafa kwa ishara iliyonyanyuka kutoka sifuri, nota nzima inahama kimo. Ukibadilisha awamu kwa ishara iliyonyanyuka vilevile, nota inabaki palepale. Mbinu ya awamu inavumilia uchafu ambao mbinu ya masafa haivumilii.

#18 VoltiKwaOktavu
Na tundu la volti kwa oktavu ni baya zaidi. Hata wimbi lililo sawa kabisa juu na chini ya sifuri linahamisha kimo, kwa kuwa kupanda oktavu 1 kunaongeza Hz nyingi kuliko zinazopunguzwa na kushuka oktavu 1. Nota ya Hz 200 inapanda hadi 400 na kushuka hadi 100 tu. Kwa wimbi la sine linalokwenda volti 1 juu na volti 1 chini, wastani wa masafa unaongezeka kwa takriban asilimia 12, ambayo ni karibu nusutoni 2. Mtu anaongeza kina cha mtikiso, besi inapanda toni nzima, naye anailaumu plagini, yaani programu yake ya moduli. Tundu hilo lilikusudiwa kupokea kimo. Likipewa sauti linatii, ila kwa masharti yake.

#19 Kizingiti
Hapo mnazidi kunisaidia. Matatizo yote haya, ya kichanganyishi, ya volti, ya kimo, yapo ndani ya mifumo isiyo na mgawanyo, na mgawanyo wa kasi usingetibu hata moja. Basi unatibu nini?

#20 Sampuli64
Unatibu prosesa, kama alivyosema #4. Sijasikia jibu lako kwa hilo zaidi ya kusema kompyuta yako ni nzuri.

#21 Bango_la_Ujumbe
Mnazungumza kana kwamba udhibiti lazima uwe mkondo wenye kasi fulani, na #2 ameuhesabu hivyo. Si kila mfumo uko hivyo. Kwenye Pure Data, programu ya Miller Puckette, vitu vyenye alama ya tilde (~) hupitisha mkondo wa sampuli, na waya wake huchorwa mnene. Waya mwembamba hupitisha ujumbe. Ujumbe hauna kasi. Hautumwi mara 750 kwa sekunde. Unatumwa kinapotokea kitu, na kati ya matukio mawili waya huwa kimya kabisa, haubebi hata sifuri. Programu ya Reaktor nayo ilikuwa na mpaka wa aina hii kwenye ngazi yake ya msingi: tukio linaweza kuingia kwenye tundu la sauti, lakini sauti haiingii kwenye tundu la tukio mpaka uweke kigeuzi, kwa sababu mtu lazima aseme sauti hiyo isomwe lini.

Kwa mtazamo huu, kuuliza kwa nini zimetenganishwa ni kama kuuliza kwa nini barua na mto vimetenganishwa. Kitufe kilichobonyezwa ni tukio. Kukigeuza kuwa volti 10 zinazorudiwa mara 48,000 kwa sekunde ili upande wa pili ugundue ukingo wake ni uamuzi wa kushangaza, na ni VCV Rack inayopaswa kujieleza, si Pure Data.

#22 Oskileta_Mzee
Bango_la_Ujumbe, nakuheshimu, lakini chukua sikwensa ya hatua 8, mwendo wake uongozwe na oskileta ya Hz 1,760 badala ya mapigo ya kawaida. Inamaliza mzunguko mara 220 kwa sekunde, na sikwensa inageuka kuwa oskileta ya A3 yenye wimbi la ngazi nane ambalo unalichonga kwa vidole huku likilia. Kwa mfumo wa ujumbe jaribio hilo linakwama au linatoka na michubuko, kwa sababu ujumbe unashughulikiwa kati ya mafungu ya sampuli 64. Jaribio lenyewe si la kitaalamu. Ni jambo ambalo mtu analifanya kwa utundu dakika ya kwanza anapokuta mfumo unaruhusu.

#23 Bango_la_Ujumbe
Linakwama kama hujui kutumia vitu vinavyozingatia nafasi ndani ya fungu. Pure Data inavyo, kwa mfano vline~, ambacho kinaanza mteremko wake katikati ya fungu bila kusubiri linalofuata.

#24 Oskileta_Mzee
Kwa hiyo umeuongezea ujumbe saa ili ufanane na sauti. Karibu upande wetu.

#25 Pembetatu
Kabla hamjapeana kadi za uanachama, kuna upande wa programu ya kurekodia. Plagini nzima ya moduli ikikaa ndani yake, vitufe vinavyoendeshwa kutoka nje vinafika kama thamani kati ya 0 na 1, na mara nyingi vinasomwa mara moja kwa bafa (fungu la sampuli linalochakatwa kwa pamoja). Bafa ya sampuli 512 kwenye Hz 48,000 ni milisekunde 10.7. Ukisogeza kikomo cha kichujio haraka, unasikia mkwaruzo wa ngazi, isipokuwa mtengenezaji awe ameweka kulainisha. VST3, kiwango cha kuunganisha plagini, inaruhusu kila badiliko lije na nafasi yake ndani ya bafa, lakini si kila plagini inaitumia ruhusa hiyo. Kwa hiyo hata anayetumia mfumo usio na mgawanyo ndani yake ana mpaka wa kasi mlangoni, na pengine hajui.

#26 Kizingiti
Hilo la mlangoni nalipokea, na nalipunguza dai langu kwa kiasi hicho: mgawanyo wa kasi una sababu pale ishara inapovuka kutoka programu moja hadi nyingine. Ndani ya plagini yenyewe sijashawishika.

#27 MziguaWaMawimbi
Amepunguza! Hifadhini kiungo cha #26 kabla hajaamka kesho.

#28 Mgeni_Humu
Naomba kuuliza moja la mwisho linalofanana. Kwenye VCV Rack, sikwensa zangu mbili zinapokea mapigo na amri ya kuanza upya kutoka moduli moja, lakini moja huwa mbele kwa hatua moja kila ninapoanza upya. Hiyo nayo ni habari ya sauti na udhibiti?

#29 Sampuli64
Ni habari ya nyaya. Kila waya kwenye VCV Rack unachelewesha ishara kwa sampuli 1. Kwa sauti huwezi kuigundua, ni sehemu ndogo mno ya milisekunde. Lakini amri yako ya kuanza upya au pigo, kimojawapo kikipita kwenye moduli moja ya ziada njiani, kinafika sampuli 1 baada ya mwenzake. Pigo likitangulia, sikwensa inasogea kisha inarudi mwanzo, na hakuna tatizo. Amri ikitangulia, sikwensa inarudi mwanzo kisha pigo linaisogeza hadi hatua ya pili, na hapo ndipo moja inakuwa mbele. Mwongozo wa VCV kwa watengenezaji unataka moduli ipuuze mapigo kwa milisekunde 1 baada ya amri ya kuanza upya, kwa sababu hiyohiyo. Huenda moja ya sikwensa zako inafuata na nyingine haifuati.

#30 Bango_la_Ujumbe
Kwenye mfumo wa ujumbe, mpangilio wa matukio hayo mawili ungeuandika mwenyewe na usingekuwa na la kubahatisha. Nasema tu.

#31 Mgeni_Humu
Nimekagua: waya wa mapigo ulikuwa unapita kwenye moduli ya kugawa, wa amri ulikwenda moja kwa moja. Nimeipitisha amri nayo kwenye moduli hiyohiyo na sasa zote zinaanza hatua ya kwanza. Asanteni.

#32 Fundi_Kapasita
Iache hivyo, lakini ukiongeza moduli nyingine kwenye njia mojawapo, hesabu nyaya upya.